Kibali cha Anti

Kota za Wafanyakazi, Bustani ya Wanyama
Chumba namba 14
6 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, cherehani inazunguka na goti halisumbui. Mimi sijambo. Kikohozi cha Desemba kimeondoka bila kuaga, kama kilivyokuja bila kubisha hodi. Fundi bomba ninayelala naye chumba kimoja anakusalimu ingawa hakujui. Anasema mtu anayeshona mashati yasiyotatuka kwapani anastahili salamu.

Baba mdogo hajambo? Nimemwandikia mara mbili, kimya. Na paa je? Ulisema upande wa jikoni unavuja, naye akaahidi kulitengeneza. Limetengenezwa?

Kazi inaendelea. Niko idara ya wanyama wakubwa. Ni kazi ya madaraka, siwezi kuieleza yote kwenye karatasi.

Jambo jipya ni kwamba tumerudishwa shule. Bosi ametangaza kuwa ikifika Julai, mfanyakazi asiyeweza kujibu swali la mgeni kwa Kiingereza arudi kwao. Basi kila Jumanne baada ya chakula anakuja mwalimu, mama mfupi mwenye buti za mpira. Darasa hakuna. Tunamfuata kutoka banda hadi banda kama vifaranga, anaonyesha mnyama, anataja jina, sisi tunaitikia.

Shida ya lugha hii ni uchoyo. Watu wana maneno machache wakayagawa kwa vitu vingi. Tulifika kwa nyumbu, mwalimu akasema, "Huyu ni nyu."

Fundi bomba akauliza, "Nyu si maana yake mpya?"

"Ndiyo, nyu ni mpya. Na huyu pia ni nyu. Yanaandikwa tofauti, yanatamkwa sawa."

"Huyu ana umri gani?"

"Miaka kumi na tisa."

"Basi si nyu," fundi bomba akasema. "Huyu ni mzee kuliko buti zako."

Tulicheka mpaka nyumbu akageuza mgongo. Kwa dubu ikawa hivyo hivyo. Mwalimu alituambia bea ni dubu, bea ni kuvumilia, na bea tena ni kuwa uchi. Mlinzi wa geti akasema sasa ameelewa kwa nini mke wa bosi alipomwambia "bear with me" siku ile yeye alikimbia. Hakujua kama anaambiwa avumilie, aje na dubu, au avue nguo.

Mimi nimegundua njia yangu mwenyewe na sijamwambia mtu. Unachukua neno la Kiswahili la mjini, unalikata mkia. Hoteli, hotel. Tiketi, ticket. Filamu, film. Katika kumi, tisa yanakubali.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Shangazi, njoo tuishi wote. Kanuni ya nchi hii inaruhusu mfanyakazi mgeni kuomba kibali cha kumvusha mpaka mtu mmoja wa familia akae naye kota. Wewe ndiye uliyenilea, huko umebaki na baba mdogo, na baba mdogo tunamjua. Fundi bomba atahamia namba 15. Nitaandika maombi mwenyewe kwa Kiingereza, bila kumwonyesha mwalimu, ili waone kichwa kinapokea.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Mrefu


Kwa Fundi Viatu, nyuma ya stendi
11 Februari

Mwanangu Mrefu,

Marahaba. Barua yako imekaa posta wiki tatu kwa sababu sikupita upande ule. Anwani ya hapo juu ni ya muda tu, usiifikirie sana. Fundi viatu ni mtu mwaminifu, hafungui barua za watu, tena hata angefungua hajui kusoma.

Huku tuko salama. Binti wa mwenye duka la vyombo ameolewa, nilimshonea gauni mara mbili kwa sababu kati ya kipimo na harusi alinenepa kwa furaha. Goti ni goti. Baba yako mdogo ni mzima na anakula vizuri.

Umeuliza habari za paa. Paa hatujawaona huku tangu msitu ulipokatwa. Zamani walikuwa wanafika hadi kisimani.

Na msiwacheke wenye lugha yao. Sisi tuna kaa la moto, tuna kaa wa majini, kisha tunamwambia mgeni "kaa hapo." Ni wangapi wameangalia chini kwanza?

Hilo la kuja huko, sina haja. Nina kazi zangu, nina wateja wangu. Mtu mzima hahamishwi kama kuku. Ila nakuuliza, nakuuliza tu, hizo kota dirisha linaelekea upande gani? Kwa mfano mtu akiwa na cherehani, angeiweka wapi apate mwanga? Na hiyo kanuni ya mtu mmoja, maombi yanachukua muda gani? Nauliza tu.

Usile vitu vya baridi, kikohozi kikiondoka kimya kinarudi na ndugu zake.

Ni mimi,
Shangazi yako


Chumba namba 14
19 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na ukae kitako kabla ya kusoma. Fundi bomba anakusalimu tena. Mlinzi wa geti amepata mapacha na amewapa wote wawili jina moja, anasema amejifunza kwa Kiingereza.

Sikuelewa jibu lako kuhusu paa. Nilikuuliza la juu ya nyumba, ukanijibu la porini. Niandikie vizuri.

Sasa furaha. Wamekubali! Kibali nimekifunga ndani ya bahasha hii, kina mihuri minne. Nilipeleka maombi Jumatatu, Alhamisi nikaitwa. Karani wa vibali ni kijana mwenye adabu, alisimama aliponiona akanipa mkono, akasema maombi kama yangu hupokea mara chache na kwamba yamemgusa. Alikuwa na maswali ya fomu. Aliuliza kwa Kiingereza nami nikajibu kwa Kiingereza, neno kwa neno, sikukwama.

"Ni malkia?"

Nikasema, kwetu sisi ni malkia.

"Anaishi peke yake au na kundi?"

Nikasema alikuwa na kundi kubwa, wengine wamekufa, wengine wametawanyika.

"Anauma?"

Hapo nilifikiri. Nikasema hapana, ila akichokozwa.

"Chakula?"

"Kidogo sana. Anapenda sukari."

"Anabeba mizigo?"

Nikasema ujana wake alibeba mzigo mara mbili ya uzito wake. Akasema kwa kawaida wanabeba mara ishirini. Nikasema huyu ni mzee. Akaandika: mzee.

Mwishowe akaniambia hutakaa chumba namba 14. Wamekutengea makazi ya kioo, yenye mchanga safi na joto la kupimwa. Uliuliza dirisha linaelekea upande gani. Shangazi, ni dirisha pande zote nne! Cherehani utaiweka popote.

Niambie siku utakayofika mpakani.

Mwanao mwenye furaha,
Mrefu


Kwa Fundi Viatu
30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hali zetu ni nzuri. Mvua zimeanza. Mke wa fundi viatu amejifungua salama, kwa hiyo hapa tumebanana kidogo, maana yake wao wamebanana, mimi napita tu.

Kibali nimekipata. Nilikisoma mara tatu nikitafuta jina langu. Sikuliona, nikakipeleka kwa karani mstaafu, yule aliyefanya kazi mahakamani miaka thelathini na bado anavaa tai kwenda sokoni. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mama," akasema, "hapa wameruhusu kuingia nchini mdudu mmoja."

"Mdudu gani?"

"Sisimizi. Hai, jike, malkia, mzee. Hali chakula kingi. Haumi asipochokozwa. Asafirishwe ndani ya chombo chenye mfuniko uliotobolewa."

"Na mimi je?"

"Wewe hujatajwa."

Akacheka hadi tai ikapinda. Mimi sikucheka. Nilicheka nilipofika nyumbani, peke yangu, na sindano mdomoni, nusura niimeze.

Ulimwandikia nini yule kijana? Nieleze herufi kwa herufi. Kisha usimwandikie mtu yeyote Kiingereza mpaka nikuruhusu.

Sina hasira. Nimewahi kuitwa vibaya zaidi, tena na ndugu wa damu. Na hii karatasi ina mihuri minne, mwanangu. Mimi katika maisha yangu sijawahi kupewa karatasi yenye mihuri minne. Haitupwi hii. Nafikiria.

Shangazi yako

Bwana Mrefu, mimi ni karani mstaafu, nimekabidhiwa bahasha hii nikaipeleke posta na ninaongeza mistari hii bila ruhusa yake. Nyumba iliuzwa na baba yako mdogo mwezi Novemba, ikiwa na paa lake bovu. Shangazi yako analala dukani kwa fundi viatu, chini ya meza ya kukatia ngozi. Mtoto mchanga sasa amezaliwa, na shangazi yako ameambiwa apishe ifikapo Juni. Hatakuandikia haya, nami namfahamu, kwa hiyo nimeandika. Samahani kwa mwandiko, bahasha naifunga nikiwa nimesimama.


Chumba namba 14
3 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Barua yako ilichelewa, imefika jana ikiwa imelowa, na mwishoni kulikuwa na mwandiko usio wako. Usimgombeze. Ungeniambia. Mimi ninauliza paa, wewe unanipeleka kwa swala na digidigi!

Sasa na mimi niseme yangu, tuwe sawa.

Neno lililoharibu ni anti. Huku mjini shangazi wote ni anti, na mimi nilifuata njia yangu, nikakata mkia, nikapata "ant". Niliandika: naomba kumleta ant wangu, ni mzee, amenilea, hana wa kumtunza. Jumanne iliyopita mwalimu alitufikisha banda la wadudu. Akagonga kioo. "Hawa ni ant," akasema. Nikaangalia ndani. Shangazi, damu ilinishuka hadi kwenye buti. Nikamuuliza, je, dada wa baba? Akasema huyo naye ni ant, kwao wanatamka vilevile, ila anaandikwa na "u" katikati. Herufi moja! Fundi bomba alilia kwa kicheko, ilibidi ashikilie uzio, na uzio ule ni wa mbuni, akadonolewa.

Nilikimbia kwa karani wa vibali. Akasema kibali hakirekebishwi, kinafutwa tu, na aliyekosea anaomba tena baada ya mwaka mmoja. Nikamwambia mwaka ni mrefu. Akaniambia, kwa huruma kabisa, sisimizi malkia huishi miaka mingi, nisiwe na wasiwasi. Mpaka sasa haamini kuwa wewe ni mtu.

La pili. Idara ya wanyama wakubwa ni kweli, lakini madaraka hakuna. Nazoa mavi ya tembo. Toroli arobaini kwa siku, na tembo hana Jumapili. Nilikuandikia vile kwa sababu ulikuwa unamsomea kila mteja barua zangu.

Kwa hiyo nakuomba, usisafiri na karatasi hiyo. Mpakani watakurudisha, na ukirudi huna pa kulala. Mwombe karani mstaafu akutafutie pa kujisitiri hadi nipate njia nyingine. Sijui ni njia gani. Nimechoka kufikiri, nakwenda kulala na buti miguuni.

Mrefu


Ukumbi wa Wasafiri, Mpakani
5 Juni

Mwanangu,

Sijapata jibu lako na sikuweza kulingoja. Nimeondoka. Usiulize kwa nini, ni ya muda tu.

Nilifikiri hivi: karatasi ya serikali inasema sisimizi, basi sisimizi awepo, ili karatasi isiseme uongo. Nilimchukua mmoja kizingitini kwa fundi viatu, mkubwa mkubwa, mwenye heshima. Nikamtia kwenye chupa ya jemu, pamba yenye maji ya sukari, mfuniko nikautoboa kwa sindano ya cherehani. Safari ya siku mbili basini nimempakata. Abiria wa pembeni aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia kibali changu.

Mpakani nikampa ofisa karatasi. Akaisoma, akaniangalia, akaisoma.

"Sisimizi yuko wapi, mama?"

Nikatoa chupa. Akaitana na wenzake. Wakampima joto. Mmoja akamvulia kofia, sijui ni mzaha. Wakagonga muhuri wa tano.

"Huyu apite," akasema. "Anasubiriwa."

"Na mimi?"

"Wewe una kibali?"

"Si hicho?"

"Hiki ni chake."

Basi sisimizi amepita na mimi nimebaki. Analetwa huko na gari ya bustani, nimemwomba dereva akupe barua hii mkononi. Mimi niko kwenye benchi, na cherehani yangu miguuni. Wananiruhusu siku tatu, kisha basi la kurudi. Maofisa wa hapa wamegundua kazi yangu, leo nimewashonea vifungo tisa. Chakula wananipa.

Tatizo ni moja, mwanangu. Basi la kurudi linanirudisha wapi? Hilo ndilo sikuwa nimekuandikia.

Shangazi yako


Banda la Wadudu
7 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua hii analeta dereva yuleyule, na akishakupa, panda gari lake. Panda kwanza, usome njiani.

Barua niliyokuandikia tarehe tatu iko njiani kwenda kwa fundi viatu na wewe hupo, kwa hiyo hujasoma nilichokiri humo. Nakupa kwa ufupi: nazoa mavi ya tembo. Utaniona getini na toroli. Usishtuke, na usiwaambie watu ni madaraka.

Sasa sikiliza. Gari ilipofika na chupa, daktari wa wadudu alifurahi kama aliyeletewa mjukuu. Akaniita kama mwenye maombi. Akageuza chupa juani, akasema, mbona malkia huyu ni mdogo? Nikasema ni mzee, amesinyaa. Akanipa nakala ya kibali nitie sahihi, na mimi kwa mara ya kwanza nikaisoma yote, hadi mgongoni, hadi yale maandishi madogo kama mchanga. Nilisoma kwa kidole, saa nzima, mwalimu mwenyewe amesimama nyuma yangu hanisaidii. Kifungu cha tisa kinasema mdudu mzee aliyezoea mkono wa mtu husafiri na mtunzaji wake, na mtunzaji hupewa chumba kota kwa muda wote wa uhai wa mdudu.

Nikamwambia daktari, "Mtunzaji wake mmemwacha mpakani."

Akaghadhibika! Si kwangu, kwao. Akapiga simu akiwaka. Nilimsikia akisema huo ni ukatili kwa mnyama, watu gani wanatenganisha kiumbe na mtu wake. Ruhusa yako, yenye muhuri wa sita, anayo dereva. Mwalimu akanigusa bega akaniambia kwa Kiingereza nisije Julai kwenye mtihani, ameshanipa alama. Fundi bomba amehamisha godoro lake namba 15 na amefagia, jambo ambalo sijawahi kuliona. Dirisha ni moja tu, linaelekea mashariki, cherehani itakaa chini yake.

Limebaki jambo dogo, na naliandika hapa kwa sababu haliwezi kusemwa mbele za watu. Daktari anataka kuwaona mkikutana. Anasema anataka kuhakikisha mnajuana, ndipo aandike jina lako kitabuni kama mtunzaji.

Shangazi, sisimizi wako alikufa jana saa nne asubuhi. Nadhani ni safari, au ni sukari. Nilikuwa peke yangu naye. Nimemzika kwenye toroli, kwa heshima, na nimemchukua mwingine kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni. Huyu ni mwembamba na ana haraka sana, hatulii hata dakika. Daktari ameshasema hewa ya huku imemchangamsha.

Najua husemi uongo hata kwa mteja anayepunjwa na kioo. Lakini utakapofika watakuletea chupa, daktari, mwalimu, karani wa vibali na bosi mwenyewe, wote wamesimama wanakutazama. Usiseme neno kwanza. Iname, mtazame kwa muda, kama mtu anayetafuta sura ya ndugu baada ya miaka. Akipanda juu ya kioo upande wako, na atapanda, kwa sababu nimepaka sukari hapo, weka kidole kwa nje na umgombeze kwa kutokula vizuri.

Utamgombeza tu, wala hutakuwa umesema uongo. Mengine wataandika wenyewe.

Mwanao,
Mrefu